Siku Nilipomsifu Mwalimu Kola

Nilipunga mkono. Hilo ndilo mpaka leo, na meno yangu yamebaki ya kuhesabika, sijalimeza. Wangenitukana ningewatukana, mdomo ninao. Wangenirushia jiwe ningelirudisha. Lakini walinicheka, na mimi nikawapungia mkono kama bibi harusi.

Kibanda changu cha udobi kilikuwa ng'ambo ya barabara, kinatazamana na shule ya sekondari. Wakati ule nilikuwa napigia pasi ya mkaa. Mkaa ukizubaa, unatoka nje na pasi yako, unaibembeza hewani mbele nyuma, mbele nyuma, mpaka ushike. Cheche zinaruka, majivu yanakujaa usoni, na kitambaa cha kichwa kinatoboka matundu kama chujio. Basi siku hiyo niko nje nabembeza, nikasikia kelele ghorofani. Kuinua macho, madirisha ya darasa moja yamejaa vichwa. Wanafunzi wananitazama, wanacheka meno yote nje. Katikati yao kasimama shemeji yangu, mwalimu wa fasihi, na kola nyeupe niliyoipiga mimi mwenyewe asubuhi ile.

Nikajua wananisalimia. Nikahamishia pasi mkono wa kushoto, nikapunga wa kulia. Kicheko kilichotoka pale juu kiliwatoa njiwa kwenye paa. Nikarudi ndani nimejawa na furaha, nikamwambia mteja aliyekuwa anangoja suruali yake, "Watoto wa shule hii wana adabu jamani. Wanasalimia mpaka dobi."

Mwanangu wa pekee, binti yangu, alikuwa mmoja wa vile vichwa dirishani.

Huyo shemeji alikuwa mdogo wake wa mwisho marehemu mume wangu. Mtaa mzima ulimwita Mwalimu Kola, kwa sababu ya shati. Hujapata kuona mtu anapenda kola vile. Alitaka niichovye kwenye kanji, ule uji wa unga wa muhogo, niikaushe nusu, halafu niipige ikiwa bado na unyevu mpaka isimame yenyewe kama kipande cha bati. Akigeuza shingo anageuka mwili mzima. Ukimwona kwa mbali ungesema mtu kabebwa na kola yake.

Mama mkwe alimzaa uzeeni, akatoka kijitu chembamba, shingo kama bua, mafua hayamwishi. Wavulana wenzake walimpiga kwa zamu. Mume wangu, ambaye alikuwa fundi baiskeli, alichoka kwenda kumgombea. Sasa sikia alichokigundua yule mtoto. Aligundua kwamba ukimtukana mtu anakupiga, lakini ukimsifu kwa jambo asilo nalo hakupigi, maana hajui kama katukanwa. Jitu moja jinga la mtaani kwao analiambia, "Kaka, kichwa chako kizito, kimejaa." Jitu linachekelea, linampa na muwa. Wenzake wenye akili wanacheka pembeni mbavu hawana. Pale ndipo alipojipatia silaha yake, na hakuiweka chini tena.

Alisomeshwa na kaka yake, kwa spoku na tyubu za viraka, mpaka akarudi mwalimu. Na kumbe huko alikosoma walikuwa na jina la ule ujanja wake. Wanauita kinaya. Alifurahi kama mtu aliyekuta picha yake gazetini.

Kufundisha alijua, siwezi kumnyima. Kiboko hakushika hata siku moja, lakini wanafunzi walimwogopa kuliko walioshika. Anarudisha mitihani, anaanza na wa mwisho. "Inuka, bingwa wetu, wenzako wakuone. Umetufungua macho. Mimi mwenyewe nimejifunza mambo mapya kwenye karatasi yako, maana hayapo popote duniani." Mtoto anasimama pale anatamani ardhi ipasuke, na wenzake wanacheka, na kesho anacheka yeye mwenzake akisimamishwa.

Wale watoto hawakubaki watoto. Walikua, wakawa manesi, wenye maduka, makarani, mafundi. Mji wetu mdogo, na shule ni hiyo moja, kwa hiyo kila mtu alipita mkononi mwake. Wakaugeuza mji wote ukawa darasa lake. Unafika zahanati unakohoa damu, nesi anakwambia, "Umewahi sana mama, ungengoja ufe kwanza." Unakwenda dukani na shati limechanika, mwenye duka anakwambia, "Leo umetoka kama waziri." Ikafika mahali kwetu ukimsifu mtu anakukazia macho. Mwanamke akiambiwa mtoto wake mzuri anamfunika. Palikuja seremala mmoja mgeni, akamtengenezea mama mmoja kabati, mama akalisifu kwa moyo wote, kabati zuri kweli. Majirani waliosikia wakacheka wakijua kachambwa. Yule seremala alilipima upya kabati la watu, akalala chini kutafuta alipokosea.

Hata mke wake mwalimu alimshindwa. Mwanamke mpole, mpishi. Anaweka chakula, bwana anaonja, anasema, "Kitamu." Wifi yangu yule anabaki na mwiko mkononi. "Kitamu kweli au kitamu cha darasani?" Bwana anacheka tu. Mwisho alikuja kwangu kuniaga, begi kichwani. Akaniambia, "Wifi, mimi sikutaka makubwa. Nilitaka neno moja lililosimama kwa miguu yake." Akaenda zake, mtoto hawakupata.

Lakini niseme na hili, maana ni kweli. Mume wangu alipougua, ugonjwa ule wa kumaliza mtu kidogo kidogo, ndugu wote walipotea kama mvuke. Aliyebaki ni huyu. Alikuja kila akitoka shule, anavua shati lake la kola, analitundika kwenye msumari, anabaki na fulana. Anambeba kaka yake mgongoni kumpeleka chooni. Anamwosha, anambadilisha, anamkata kucha. Na kule chumbani hakusema neno hata moja la mzaha. Mume wangu alifia mikononi mwake, mimi nikiwa nimekwenda kuchota maji. Hilo aliwahi kulifanya. Ndiyo maana hata baada ya mazishi nikaendelea kumpigia mashati yake, na mwanangu alipofika sekondari nikasema afadhali, atakuwa chini ya baba yake mdogo.

Turudi kwenye dirisha.

Jioni ya siku ile mwanangu alikaa mezani anakariri, mimi napiga mashuka ya watu. Anasoma kwa sauti, "Kinaya ni kusema kinyume cha unachokusudia. Pia ni jambo kutokea kinyume na lilivyotarajiwa, hasa pale watazamaji wote wanapojua isipokuwa mhusika mwenyewe. Kejeli ni ndugu yake, ila yenyewe nia yake ni kuumiza. Mfano." Akafunga daftari.

"Mfano?" nikamuuliza. Mimi shule niliishia darasa la tatu, nilipenda kumsikiliza.

"Mfano hakuna."

"Somo gani hilo halina mfano? Sisi hata kujumlisha tulifundishwa kwa mawe."

"Mama, piga pasi zako."

Hakuwahi kunijibu vile. Nikadhani ana njaa.

Aliyenipa mfano ni binti wa mwenye bucha, walikuwa wanasoma pamoja. Alikuja na furushi la sare, anachungulia mlangoni. "Malkia yupo?"

"Malkia gani?"

"Malkia wa Mkaa." Halafu akaona uso wangu. "Samahani mama, ndivyo tunavyokuita darasani. Ni kwenye somo."

"Hebu nieleze hilo somo."

Akanieleza vizuri tu, kama anayejibu swali la mtihani. "Mwalimu alitafuta mfano, akaangalia nje akakuona. Akasema, tazameni pale. Majivu puani, gauni limeungua, jasho kama bomba. Sasa umwendee umwambie, Malkia, umependeza, ikulu wanakungoja. Hicho ndicho kinaya. Tukacheka. Halafu wewe ukapunga mkono, mwalimu akasema, na hicho sasa ni kinaya cha pili, sisi sote tunajua, yeye peke yake hajui. Hapo ndipo tulipokufa kwa kucheka."

"Na mwanangu?"

"Na yeye alicheka." Akafikiri kidogo. "Mwishoni. Mwalimu alimtazama, ndipo akacheka. Mama, sketi ni mbili, na moja ina wino."

Shemeji alipokuja kuchukua mashati nilimngoja na pasi ya moto mkononi, siyo kwa kumchoma, nilikuwa kazini.

"Shemeji, nasikia nimeingia kwenye masomo."

Akacheka. "Habari zimekufikia? Ni heshima hiyo, shemeji. Wangapi wanafundishwa wakiwa hai?"

"Mwanangu alikuwepo."

"Na ameelewa vizuri kuliko wote, kapata alama zote. Usikasirike bwana, ile ni fasihi."

"Fasihi haina majivu yake yenyewe mpaka iazime ya kwangu?"

"Umeona? Hata wewe unaweza." Akaipapasa kola, akaona imesimama, akatoka anapiga mluzi.

Angeishia hapo labda ningesahau, sijui. Lakini mwalimu aliyepata mfano mzuri hauachi. Mwaka uliofuata, darasa jingine, somo lilelile, vichwa dirishani. Na mwaka mwingine. Nikanunua pasi ya umeme, sibembezi tena kitu nje, bado walikuja dirishani kungoja nitoke. Watoto nisiowajua, wasionijua, wananiita Malkia njiani. Hata waliohamia juzi.

Mwanangu akaanza kupitia geti la nyuma. Ukilitoka lile unazunguka soko lote kufika nyumbani, lakini hupiti mbele ya kibanda changu. Siku moja nilimwona kwa mbali na wenzake, nikamwita jina lake. Mmoja akamuuliza, "Si Malkia yule anakuita?" Mwanangu akasema, "Ananifulia nguo," akaendelea kutembea. Nilisikia. Kulia sikulia, nilirudi nikamfulia nguo.

Akamaliza, akaenda chuo mji mwingine, mbali. Simu zikawa za kuuliza afya, fupi kama kikohozi. Halafu siku moja shemeji akaja na shati jipya, jeupe, kitambaa cha bei. Akaniambia, "Shemeji, nina safari ya kikazi. Hili nataka ulipige kama hujawahi kupiga shati maishani. Kola ikate mkate."

"Mkutano wa wakubwa?"

"Wakubwa haswa," akasema, na macho yake akayapeleka kwenye kamba ya nguo.

Nikalipiga lile shati. Kanji nikaichuja mara mbili isiache chembe. Mikono nikaikunja mkunjo mmoja, mwembamba kama uzi. Nikalifunga kwenye shuka safi lisishike vumbi la safari. Nilijivunia kazi ile, nakwambia.

Baadaye alipita fundi cherehani mmoja aliyekuwa kwenye mji ule wa mwanangu kumtembelea dada yake. Akaniambia, "Mama, nikupe hongera au pole? Harusi ya binti yako imefana, lakini wewe hatukukuona. Ulikuwa unaumwa?"

Nikadhani ananichezea. Kwetu ungedhani nini? Nikamwambia, "Ndiyo, nilikuwa naumwa ujane." Yule mama akashika mdomo. Ndipo nikaona machoni mwake kwamba hatanii, kwamba huyu ni mmoja wa wachache waliosomea kwingine. Akaniambia nani alisimama kama mzazi. Akaniambia mpaka shati. "Jeupe, mama, kola imesimama utadhani mbao. Watu waliulizana dobi wake nani."

Shemeji hakukataa. Alikaa kwenye benchi langu la wateja, kwa mara ya kwanza nikamwona kola imemzidi.

"Mwenyewe ndiye aliyesema nisikwambie."

"Kwa nini?"

"Upande wa mume ni watu wenye nafasi kidogo. Alishawaambia siku nyingi kuwa mama yake..." Akakohoa. "Kwamba hayupo."

"Kwamba nimekufa."

"Mimi nilikuta limeshasemwa, shemeji. Ningefanyaje? Nikasimama pale nikamsema marehemu. Nikasema mama wa huyu binti alikuwa mwanamke wa kazi, alitulisha sote kwa mikono yake, na hakuna siku nilimwona amekaa. Nilisema vizuri. Watu walilia." Akanitazama kama mtoto anayetaka peremende. "Na nilimaanisha kila neno. Hapana mzaha hata kidogo."

Sikia hiyo. Mtu huyu alinisema vizuri mara moja tu maishani mwake, akaenda kunisemea ugenini, mimi nikiwa maiti, amevaa shati nililolipiga mimi.

Nikamwambia, "Mashati yako yako tayari kesho." Watu walinishangaa kwamba sikumfukuza. Mtu ukimfukuza anakupotea machoni. Mimi nilitaka awe anapita.

Na akapita, miaka na miaka. Mvi zikamwota, shingo ikarudi kuwa bua kama ya utotoni, kola zikabaki zinaelea. Mwanangu akazaa, nikaambiwa. Wajukuu zangu wanajua bibi yao yuko makaburini. Nimeshaacha kupiga simu, maiti hapigi simu.

Siku shemeji alipokaribia kustaafu, alikuja mchana, hana nguo ya kufua wala ya kuchukua. Akakaa benchi. Nikaendelea na kazi.

"Shemeji, wananiaga," akasema. "Ukumbini, watu wote watakuwepo, waliosoma zamani na wa sasa. Watasema walimu, atasema mkuu wa shule, naye nilimfundisha. Halafu kuna kawaida yao, mwishoni anasimama mtu wa familia anamshuhudia anayestaafu, ndipo mwenyewe anajibu."

"Na familia ni mimi."

"Nimebaki na nani? Sina mke, sina mtoto." Akavua miwani akaifuta na ncha ya shati, kitu ambacho hakuwahi kumfanyia shati. "Wale wenzangu najua watakachosema. Watanisifu huku wanakonyezana. Nimewafundisha mwenyewe. Najua kila sentensi itakavyopinda. Na mimi nikitoka pale nitakachorudi nacho nyumbani ni maneno tu, shemeji. Sina kingine. Nataka mtu mmoja asimame anisifu, na liwe ni sifa kweli."

"Mbona mimi?"

Akanijibu bila kufikiri, masikini. "Kwa sababu wewe hujasoma. Hujui kusema kinyume."

Niliweka pasi kwenye kisahani chake.

"Unataka niseme kweli tupu?"

"Kweli tupu."

"Zile nzuri peke yake?"

"Zile nzuri. Kama zipo."

"Zipo," nikamwambia. "Sitatia uongo hata mmoja. Wala sitakugusia kitu kibaya. Naapa kwa kaka yako."

Akanishika mkono, mkono wake wa baridi. Akasema, "Nakuamini." Akaondoka anatembea wima. Kiapo kile nilikitimiza mpaka mwisho, hakuna atakayenisuta.

Ukumbi ulifurika. Wazee wenye vitambi waliowahi kuitwa bingwa wetu, wake zao, watoto wao wenye sare, maana na wao walikuwa mikononi mwake. Shemeji kakaa mbele kwenye kiti kilichovalishwa kitambaa. Walimu wakasema. Mmoja akamsifu kwa unyenyekevu, watu wakacheka. Mwingine kwa ufupi wa maneno, wakacheka zaidi. Na yeye akicheka, anatikisa kidole, mzaha anaujua. Lakini nilimwona anatazama nilipokaa, kama mtu anayetazama mlango wa daktari.

Mkuu wa shule akashika kipaza sauti. "Sasa tumsikie mtu wa familia. Wengi wetu hatuhitaji kutambulishwa, tumefaulu mtihani kwa sababu yake." Ukumbi ukaangua kicheko hata sijainuka. Nikapita katikati yao, nikasimama. Nilivaa gauni langu la kawaida, limefuliwa, limepigwa.

Nikaanza. "Huyu shemeji yangu ni mtu mwema."

Wakacheka. Kwanza huku mbele, halafu nyuma kabisa. Niliwaacha wamalize.

"Nasema mtu mwema. Hajapata kumpiga mtoto wa mtu."

Wakapiga meza. Mzee mmoja aliyekuwa anakunywa soda ikamtokea puani. Jirani yake akawa anasema, "Hajapiga kweli, ametuchinja tu."

Shemeji alikuwa bado anatabasamu, lakini tabasamu la dereva aliyesimamishwa na trafiki. Akanipa ishara ya kichwa, endelea.

"Watoto wasiokuwa na mahali pa kusomea aliwafungulia sebule yake. Jioni baada ya jioni. Akawapikia chai mwenyewe, akawasahihishia, asitake kitu kwa mzazi."

Hiyo ni kweli, na ndani ya ukumbi ule walikuwepo waliokunywa chai hiyo. Niliwaona. Mmoja alifungua mdomo kama anayetaka kusema ndiyo, akamwona mwenzake anavyocheka, naye akacheka. Unajua mtu anavyoogopa kuwa yeye peke yake ambaye hajaelewa mzaha. Hilo walifundishwa vizuri sana.

Shemeji akanyanyua mkono. "Jamani, hilo ni kweli," akasema. "Sikilizeni, anasema kweli."

Wakaanguka chali. Mkuu wa shule alijishika mbavu, kipaza sauti kikamponyoka. "Mwalimu haachi," mtu akapiga kelele kutoka nyuma. "Mpaka siku ya mwisho haachi."

Hapo ningeweza kukaa. Nilikuwa nimesema ya kutosha. Yeye mwenyewe alinitazama, hakuwa anatabasamu tena, na midomo yake ikasema bila sauti, basi shemeji. Nilimsoma vizuri. Macho yangu mabovu ya karibu, ya mbali yanaona.

Nikasema, "Bado moja."

Kwa sauti yangu ya kawaida nikawaambia, "Kaka yake alipougua, ndugu wote walikimbia. Huyu hakukimbia. Alimbeba mgongoni mpaka chooni. Alimwosha kwa mikono yake hii. Alimkata kucha. Kaka yake amekufa kamlalia kifuani. Mimi ni mke wa marehemu, na hakuna mtu aliyewahi kunitendea jambo kubwa kama hilo."

Kulikuwa na kimya kidogo, kama cha mtu anayevuta pumzi. Nikajua ni hapa. Nikawatazama, sikucheka, sikununa, nikakaza uso tu, ule uso wa yeye akirudisha mitihani.

Wakapasuka. Waliinuka kabisa kwenye viti, wanapiga makofi, wanafutana machozi. Wanawake waliegemeana mabegani. Walimchekea mume wangu kwenye kitanda chake cha kufia, hawamjui, hawajui kama kuna kitu cha kuchekewa, wanajua tu kwamba sifa hiyo ni kubwa mno haiwezi kuwa sifa. Niliwasikiliza mpaka mwisho. Sikugeuza uso.

Ikawa zamu yake kujibu. Alisimama kashikilia meza. "Asanteni," akasema, wakacheka. "Nilimpenda sana kaka yangu," akasema, wakacheka. Akaanza kulia. Yule mtu alilia, mabega yanapanda yanashuka, miwani imeanguka. Na watu wakashangilia, wakipigiana kelele mtazameni, mtazameni anavyoigiza, hakuna kama yeye. Mtoto mmoja wa sare aliyekaa mbele akamuuliza baba yake, "Hicho nacho ni kinaya?" Baba yake akamwambia, "Hicho ndicho chenyewe, mwanangu. Angalia vizuri, hutakiona tena."

Alinifuata nje, kwenye mabomba wanakonawia wanafunzi. Ndani walikuwa wanagawa vinywaji. Kola yake ilikuwa imelowa, imelala.

"Shemeji," akasema.

Nikafungua bomba, nikanawa.

"Yale ya kaka. Nikuulize, na unijibu kama unavyomcha Mungu. Ulikuwa unayasema kwa kumaanisha au ulikuwa unanicheka?"

Nilimaanisha, na nilikuwa namcheka. Yote mawili. Ningemwambia nusu ya kwanza tu, angekwenda zake amepona. Neno moja. Nililihisi liko hapa, kwenye ulimi.

"Niambie basi," akasema. "Hata kama ni hapana, niambie."

"Wewe ndiye mwalimu," nikamwambia. "Sahihisha mwenyewe."

Nikafunga bomba vizuri lisivuje, nikajifuta mikono kwenye gauni, nikaondoka. Wakati navuka barabara niliwasikia wamemfuata kule mabombani na vinywaji vyao, wanamzunguka, wanampa mkono mmoja mmoja, wanamwambia hongera. Naye akamwuliza kila mmoja kama anasema kweli. Nao wakazidi kucheka.